Mlango wa Mama



Ndugu msomaji, wiki hii naomba radhi niweke kando masuala ya fiqhi niliyozoea kuyaandika katika ukurasa huu, nizungumze juu ya mbao, bawaba na misumari. Huenda mtu akauliza: sheikh ana lipi la kusema kuhusu useremala? Ninalo la kusema kwa sababu nilikosea, na kwa kosa langu nusura nimpoteze mama yangu.

Mama ameshapita miaka sabini na mitano. Tangu kufariki kwa marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, anaishi peke yake katika nyumba yetu ya zamani Mji wa Kale, Mombasa. Tumemwomba mara nyingi ahamie kwetu, naye hujibu kwamba hawezi kuwaacha majirani aliozeeka nao. Mimi naishi Likoni, ng'ambo ya feri. Dada yangu anaishi Kisauni. Kwa hiyo kila Jumamosi mmoja wetu humwendea, akatazama hali yake na mahitaji ya nyumba.

Mlango wa mbele wa nyumba ile ni wa ubao mmoja mpana, uliounganishwa kwa mbao nne za mvule, na hufunguka kwa ndani. Baba aliuweka nilipokuwa bado mtoto wa chuoni, ninahifadhi Juzuu Amma. Masika ya mwaka juzi mlango ulianza kukwama. Mama aliniambia, nami nikaazima randa kwa jirani, nikaparuza ukingo wa upande wa kitasa huku mvua ikinyesha, mpaka ukafunga na kufunguka vizuri. Nikajiona fundi.

Ulipoingia upepo wa kaskazi, jua likakausha kila kitu, mlango ule ukaacha upenyo ambao mjusi angepita bila kuinamisha kichwa. Vumbi likaingia, na Mama akalalamika kwamba usiku anawaona wapita njia. Nikachukua upapi wa mbao, nikaupigilia misumari kwenye ukingo ule ule niliouparuza. Upenyo ukaziba, na kwa mara ya pili nikajiona fundi.

Kisha masika yakarudi. Mlango ukaanza kubana. Mama akanieleza Jumamosi ya kwanza, nikamjibu, "InshaAllah Jumamosi ijayo." Akanieleza ya pili, nikajibu vivyo hivyo. Zilipita Jumamosi nne. Neno hili tukufu, ambalo Suratul Kahf inatufunza kulitamka kwa sababu ya kesho hatuna mamlaka nayo, mimi nilikuwa nimeligeuza pazia la kufichia uvivu wangu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Mei, Mama aliamka kuchukua udhu. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya chini ya mlango yakatapakaa ukumbini. Aliteleza, akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika. Alijikokota mpaka mlangoni, akazungusha ufunguo, kitasa kikafunguka, lakini mlango haukusogea. Alivuta kwa mkono mmoja uliosalia mpaka nguvu zikamwisha. Aliita karibu saa nzima kabla ya sauti ya mvua kupungua na jirani kumsikia. Vijana wa mtaani waliuvunja mlango kwa mtaimbo. Nilipopigiwa simu ilikuwa saa nane ya usiku, na nilivuka kwa feri nikiwa nimeshika tasbihi bila kujua ninachokisoma.

Alhamdulillah, Mama alipona. Lakini maneno aliyoniambia akiwa kitandani, mkono umefungwa plasta, sijayasahau: "Mwanangu, mlango nilikwambia." Hakuongeza neno.

Nilimtafuta fundi seremala mzee, mtu ambaye marehemu baba alikuwa akimwamini. Nilimwamkia, nikamwonyesha ubao uliopasuka na upapi wangu uliong'oka nusu. Nilitarajia atoe msumeno. Badala yake alitoka nje, akainua uso, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Maalim, mlango huu hauna maradhi. Maradhi yako juu." Mlizamu wa paa ulikuwa umetoboka kwa kutu, na kila mvua iliponyesha maji yalishuka ukutani mpaka kizingitini, yakatuama pale, na mlango ukayanywa.

Hilo ndilo somo la kwanza, na lau ungesoma hili peke yake ingetosha: kabla ya kutengeneza mbao, tafuta maji yanatoka wapi. Dari yenye doa, kabati la jikoni linalofura, rangi inayobambuka, mlango unaokwama. Mara nyingi chanzo si pale unapokiona. Ukitengeneza kilichoharibika ukaacha kinachoharibu, utafanya kazi hiyo hiyo tena mwakani. Fundi alibadilisha mlizamu kwanza, akauwekea bomba la kupeleka maji mbali na ukuta. Kisha akakisakafia upya kizingiti kwa mteremko mdogo wa kuelekea nje, ili maji yasituame.

Hapo nilidhani sasa tutashika randa. Akanikataza. Akasema mti huu umelewa maji, tuuache uzindukane. Mama nilimchukua Likoni, tukaweka mlango wa muda wa plaiwudi, na ubao wa mvule tukaulaza ndani ya chumba chenye hewa, juu ya vijiti vilivyopangwa sawasawa ili upepo upite chini na juu. Ulikaa hivyo zaidi ya miezi miwili.

Katika siku zile za kungoja, fundi alinifunza jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote nilichosoma. Mti hata ukikatwa, ukapasuliwa, ukawa mlango kwa miaka arubaini, hauachi kunywa na kutoa unyevu wa hewa. Ukinywa, hutanuka, ukikauka, husinyaa. Na hautanuki kwa urefu wake, bali kwa upana wake, kukata nyuzi zake. Ndiyo maana mlango hauwi mrefu masika, bali huwa mpana, na ubao mpana kama ule waweza kuongezeka milimita kadhaa baina ya msimu na msimu. Nilipouparuza ukiwa umefura, niliondoa nyama ambayo kaskazi ingeiondoa yenyewe. Nilipoujaza upapi ukiwa umesinyaa, niliiba nafasi ambayo masika yangeihitaji. Makosa yangu mawili yalikuwa kosa moja: niliutazama mlango wa siku ile, nikasahau kwamba mwaka una misimu.

Basi kwetu sisi watu wa pwani, mlango wa mbao uachiwe nafasi ya kupumua. Kandoni na juu, upenyo wa kiasi cha milimita 3, karibu unene wa sarafu mbili. Chini, kiasi cha sentimita moja kwa mlango wa nje. Ukiutengeneza wakati wa kiangazi, ongeza kidogo. Ukiutengeneza wakati wa mvua, punguza kidogo, na ukiweza usiuguse mpaka ukauke.

Ubao ulipokuwa tayari, dada yangu naye alikuja. Fundi alimpa yeye bisibisi, akanipa mimi chaki. Alisema mlango unaobana usiuparuze kwa kukisia. Kwanza tazama bawaba. Kama skrubu za bawaba ya juu zimelegea, mlango huinama kwa uzito wake, na kona yake ya upande wa kitasa hugusa sakafu au mwimo. Watu wengi huparuza ile kona, ilhali dawa ni kukaza skrubu nne tu. Na kama tundu limepanuka, skrubu inazunguka bila kushika, toa skrubu, jaza tundu vijiti vya kibiriti vilivyopakwa gundi ya mbao, acha ikauke mpaka kesho yake, kata vilivyozidi, kisha rudisha skrubu. Isugue kwanza kwa kipande cha sabuni au mshumaa nayo itaingia kwa wepesi. Dada yangu alifanya bawaba zote tatu kwa mkono wake. Tangu siku hiyo, kwake Kisauni hamwiti mtu kwa kazi kama hiyo.

Ikiwa bawaba ni nzima na mlango bado unabana, hapo ndipo chaki inapofanya kazi. Paka chaki kwenye mwimo, funga mlango taratibu, ufungue. Mahali palipobaki alama nyeupe juu ya ubao ndipo panapogusa, na hapo peke yake ndipo pa kuparuza. Paruza kidogo, funga tena, tazama tena. Unapokuwa kwenye ukingo wa juu au wa chini, sukuma randa kutoka pembeni kuelekea katikati, usiitoe nje ya kona, maana mbao zitachanika. Kilichoondolewa hakirudi, na kwa hilo nina ushahidi wa kutosha.

Mlango wetu ulikuwa umeshaliwa na ujinga wangu, upenyo ulikuwa mkubwa. Fundi hakurudishia upapi ukingoni. Aliupigilia kwenye mwimo, upande wa nje, ukiufunika upenyo bila kuubana ubao. Mlango ukawa na uhuru wa kufura na kusinyaa nyuma yake, na mpita njia haoni ndani. Sehemu ya chini iliyokuwa imeoza aliikata kwa kiasi cha shibiri moja, akaungia kipande kipya cha mvule kwa gundi isiyoyeyuka majini na skrubu za shaba. Misumari ya chuma, alisema, katika hewa yetu ya chumvi hushika kutu, kutu hufura, na mbao hupasuka kutoka ndani.

Kisha akaugeuza mlango kichwa chini, akaniuliza, "Maalim, hapa pana rangi?" Hapakuwa na rangi. Kwa miaka yote tuliupaka mlango mbele na nyuma, na ukingo wa chini, usioonekana na mtu, hatukuupaka hata mara moja. Kumbe hapo, na kwenye ukingo wa juu, ndipo nyuzi za mti zinapoishia, na mti hunywa maji kwa wingi kupitia ncha zile kama mtu anyonyavyo kwa mrija. Tulizipaka ncha zote mafuta ya kitani mara tatu, tukiacha kila mkono ukauke. Akatuonya kuhusu vitambaa tulivyopakia: visikunjwe na kutupwa kwenye pipa, kwani vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa huzalisha joto na vyaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vitiwe ndani ya maji.

Mama zangu na dada zangu mnaosoma, yapo mengine matatu aliyotuonyesha siku ile, nami nawapa kama nilivyopewa.

La kwanza ni mchwa. Mchwa hawapendi mwangaza, hivyo hujenga njia nyembamba za udongo juu ya ukuta au mwimo. Ukiona njia hizo, usizifute tu ukadhani umesafisha nyumba. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, sikiliza. Mbao nzima hutoa sauti nzito, iliyoliwa hutoa sauti ya utupu. Usiegemeze mbao wala maboksi kwenye ukuta wa nje. Ukitumia dawa ya mchwa, soma maelezo yake, fungua madirisha, na uiweke mbali na watoto. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka boriti na nguzo, isiletwe ndani ya nyumba. Ni sumu kwa ngozi ya mtoto anayeishika kila siku.

La pili ni rangi kuukuu. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru zaidi watoto wadogo na mimba. Usisugue kwa msasa mkavu. Lowesha kwanza, funika pua na mdomo, watoto na mwenye ujauzito wasiwepo nyumbani, na vumbi likusanywe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa.

La tatu ni wazee wetu. Tulipomaliza mlango tulipita nyumba nzima tukijiuliza swali moja: Mama akianguka hapa, atafanyaje? Tuliweka fimbo ya kushikilia kwenye ukuta wa bafu, imefungwa kwa skrubu zilizoingia kwenye ukuta wenyewe wala si kwenye lipu tu. Tuliondoa mkeka uliokuwa ukiteleza. Kitasa tukabadilisha, tukaweka kinachofunguliwa kwa ndani bila ufunguo, na ufunguo wa pili tukampa jirani yule yule aliyesikia sauti yake. Kazi yote hiyo ilituchukua siku moja. Siku moja, ndugu msomaji, baada ya Jumamosi nne.

Imebaki haki ya fundi. Suratul Baqara, katika aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inatuelekeza kuandika madeni yenye muda. Sisi twaandika mahari na mikataba ya nyumba, lakini tukimwita fundi tunasema "tutaelewana". Matokeo yake twawajua: ugomvi wa majirani, kazi iliyoachwa nusu, na mjane aliyetoa akiba yake yote mwanzoni akaachwa na mashimo ukutani. Tuliandika karatasi moja: kazi ni ipi, mbao ni za aina gani, nani ananunua vifaa, fedha ngapi zinatangulia, na zilizobaki zinalipwa lini. Za mwanzo zilikuwa za vifaa, kwa risiti. Dada yangu akawa shahidi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Nilimlipa fundi jioni ile ile. Alizipokea fedha, akazitazama, akasema kwa upole, "Shukran, maalim. Wengine wenye kanzu nzuri hunirudisha mara tatu." Sikuwa mimi, lakini niliona haya kana kwamba ni mimi, kwani najua kesho zangu nilizompa Mama ni ndugu wa kesho wanazopewa mafundi.

Baadhi ya wanaume wenzangu huona kazi hizi za nyumbani ni za kuagiza. Basi na tukumbuke kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, kwamba Nabii Nuh (A.S.) aliamrishwa kuunda jahazi kwa mikono yake, na kwamba Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa mwenendo wa Mtume nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa akijishonea nguo na kutengeneza viatu vyake. Si lazima kila mmoja wetu awe fundi. Ila kila mmoja ni mchungaji wa nyumba, na mchungaji huulizwa.

Mama alirudi nyumbani mwake mwezi wa Agosti. Alisimama mbele ya mlango, akaufungua kwa vidole viwili vya mkono ule uliovunjika. Akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akacheka, akasema, "Huu sasa unanisikia." Nami nikajua sehemu ya pili ya sentensi ile ilikuwa yangu, ingawa hakuitamka.

Tulikunywa kahawa, tukaswali Alasiri. Nilipokuwa navaa viatu niondoke, akaniambia kutoka jikoni kwamba mfereji unadondoka tangu jana. Ulimi wangu ulishafika nusu ya "inshaAllah Jumamosi". Nikavua viatu, nikakunja mikono ya kanzu, nikaenda kufunga maji.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta, awahifadhi wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.